Hedi Imefungwa, Sasa Kazi Iko Kwenye Maji

Gari linapotoka gereji baada ya kufunguliwa hedi, ile sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda, mwenye gari huuliza bei na siku ya kulichukua. Swali linaloamua kama pesa yake imepotea au la ni lingine kabisa: hedi iliharibika kwa sababu gani? Gasketi, ule utando unaoziba kati ya hedi na bloku (mwili wa injini), ni nadra kufa kwa uzee peke yake. Huuawa na joto, na joto lina chanzo chake: feni iliyoacha kuzunguka, kifuniko cha rejeta kisichoshika presha, hosi iliyotoboka, rejeta iliyoziba, pampu iliyochoka. Hedi inaweza kuchongwa vizuri, gasketi ikawa halisi, bolti zikakazwa kwa vipimo, kisha injini ikarudishwa kwenye rejeta ileile na kifuniko kilekile. Mwezi haupiti, gari linachemsha tena, na lawama zote zinabebeshwa gasketi.

Kwa hiyo gasketi ya zamani isitupwe kabla haijasomwa. Ikiwa imeungua kwenye kile kipande chembamba kati ya silinda na silinda, jua hedi ilizidiwa na joto ikapinda. Ikiwa matundu ya maji yameliwa na kutu, gari hilo limeendeshwa miaka mingi kwa maji ya bomba bila kulanti (dawa ya rejeta inayozuia kutu), na rejeta yake imejaa kutu hiyohiyo. Hedi yenyewe hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vijibati vyembamba vya kupimia nafasi). Kwa injini nyingi ndogo za Toyota, kupinda kunakoruhusiwa upande wa bloku hakuzidi 0.05 mm. Bloku nayo ipimwe vivyo hivyo, na hapa ndipo wengi wanaporuka. Kwa 1KZ-TE, ile dizeli ya lita 3 iliyomo kwenye Prado na Surf nyingi, hedi ipimwe nyufa kwa presha kabla ya kulipia kuichonga, maana aluminiamu yake hupasuka kati ya valvu, na ufa wa namna hiyo unaweza usionekane kwa macho mpaka chuma kipate joto.

Tuseme hayo yote yamefanyika na injini imefungwa. Kuanzia hapo kazi ni ya maji.

Jambo la kwanza ni usafi wa njia za ndani. Injini iliyofunguliwa huingiza uchafu ambao haukuwemo: vipande vya gasketi iliyokwanguliwa, unga wa msasa, na nyuzi za silikoni, ile gundi ya kuzibia. Silikoni inastahili kutajwa peke yake. Fundi akipaka nyingi kwenye mdomo wa thamostati (valvu inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto) au kwenye pampu, ile inayobanwa kwa nje huonekana na hufutwa, lakini ya ndani hubaki inaning'inia, hukatika, na husafiri na maji mpaka kwenye mirija ya rejeta au ya hita, ambayo ni myembamba sana. Palipotengenezewa gasketi ya karatasi au oringi, itumike hiyo. Pale ambapo silikoni inahitajika kweli, mstari mwembamba wa milimita 2 hadi 3 unatosha, na usubiri ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kutia maji.

Kama oili na maji vilichanganyika, mfumo wote una yale maziwa ya kahawia, na maji ya bomba pekee hayayaondoi. Toa thamostati kwa muda, jaza maji safi pamoja na dawa ya kusafishia rejeta, fungua hita hadi mwisho wa joto, washa injini dakika 10 hadi 15, zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia kwa maji matupu mpaka yanayotoka yawe maangavu na yasiyo na utelezi ukiyasugua kwa vidole. Sabuni ya unga ya kufulia isitumike: inatoa povu, povu ni hewa, na hewa haibebi joto. Tenki la akiba lifunguliwe lisafishwe peke yake, la sivyo oili iliyoganda humo itarudi kwenye rejeta mara injini inapopoa na kuvuta maji. Hosi zilizolowa oili hulainika na kuvimba. Ukizibonyeza na zikawa teketeke karibu na klipu, zibadilishwe zote, hata kama hazivuji.

Hapo hapo, kwa gari la otomatiki, angalia rangi ya yale maziwa. Ya kahawia hutokana na oili ya injini. Yakiwa ya waridi, shuku kipozeo cha oili ya giaboksi, ambacho kwenye magari mengi kimefichwa ndani ya tenki la chini la rejeta au la pembeni. Kikitoboka, oili ya giaboksi inaingia kwenye maji na maji yanaingia kwenye giaboksi, na kule yanalainisha gundi iliyoshika vitambaa vya klachi. Wapo waliofungua hedi isiyo na kosa lolote kwa sababu waliona maziwa wakahukumu gasketi. Chomoa kijiti cha oili ya giaboksi kama kipo, tazama. Ikiwa na weupe, rejeta ibadilishwe na giaboksi isafishwe kabla gari halijasogea.

Rejeta ndiyo kifaa kinachoonewa huruma kuliko inavyostahili. Kwa kuwa haivuji, inaonekana nzima. Ipime ikiwa kwenye gari: injini ikishapata moto na thamostati ikafunguka, zima injini, pitisha kipimajoto cha mwanga usoni mwa rejeta kutoka upande maji yanakoingia hadi yanakotokea. Joto linapaswa kushuka polepole na kwa usawa. Kikikutana na eneo la baridi la ghafla katikati ya eneo la moto, mirija ya hapo imeziba. Rejeta za zamani za shaba zilifunguliwa tenki kwa moto, mirija ikapitishwa rodi, ikaunganishwa tena kwa risasi. Za aluminiamu zenye tenki za plastiki hazikutengenezwa kwa kazi hiyo: mirija yake ni bapa na laini, na plastiki iliyokwisha kupikwa miaka kumi hupasuka ikikunjuliwa meno ya kingo. Iliyoziba vibaya ibadilishwe.

Ukinunua mpya, usiridhike kwamba inaingia kwenye sehemu yake. Pima unene wa ule mwili wa mapezi. Sokoni kuna rejeta zinazolingana kwa mashimo ya bolti na midomo ya hosi lakini zina unene wa mm 16 mahali palipokuwa na mm 26. Asubuhi gari litakwenda vizuri; saa nane mchana, foleni, kiyoyozi kimewashwa, watu watano ndani, rejeta hiyo haitoshi. Na kama unabaki na ya zamani, uiondoe ili uoshe nafasi iliyo kati yake na kondensa ya kiyoyozi. Vumbi, mbegu za nyasi na wadudu hujikusanya hapo katikati, mahali ambapo huwezi kuona ukiwa umesimama mbele ya gari. Maji yaelekezwe kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa presha ndogo. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu inalaza mapezi na kuziba njia ya upepo.

Kava la feni, ile plastiki inayozunguka feni na kuibana na rejeta, lirudishwe kamili. Baada ya kazi kubwa mara nyingi linabaki kwenye kona ya gereji, limevunjika masikio, na gari linaondoka bila hilo. Feni isiyo na kava huvuta hewa ya moto iliyo pembeni mwa injini badala ya kuivuta kupitia rejeta nzima, na hupoza duara dogo tu lililo mbele yake. Vivyo hivyo zile sponji na mipira ya kingo za rejeta: kazi yake ni kuzuia upepo usipite pembeni.

Feni za umeme zipimwe kwa mambo mawili, kuwaka na mwelekeo. Kuwaka ni rahisi: washa kiyoyozi, na kwa magari mengi zitazunguka. Kisha kizime, uache injini ipate moto yenyewe uone zinawaka bila msaada; kwa Toyota nyingi za zamani zenye swichi ya joto, feni inaanza karibu 93°C na kuzima ikishuka hadi karibu 83°C. Mwelekeo husahauliwa. Soketi ikikatwa na nyaya kuungwa upya kwa mkono, chanya na hasi vinaweza kubadilishana, na mota ikazunguka kinyume. Inapiga kelele ileile, inaonekana inafanya kazi, lakini inasukuma hewa ya moto kwenda mbele, ikipigana na upepo unaoingia. Weka kipande cha karatasi laini mbele ya grili huku feni ikizunguka: kinapaswa kuvutwa na kung'ang'ania pale. Kikipeperushwa kukujia, umepata kosa.

Ile tabia ya kuunga feni moja kwa moja kwenye swichi ya funguo ili izunguke muda wote inaficha ugonjwa. Sensa mbovu, rilei iliyoungua au fyuzi isiyo sahihi inabaki humo, mota inachoka kabla ya wakati, na siku ikikatika hakuna kitakachokuonya. Tengeneza mfumo wake.

Kwa feni inayoendeshwa na injini kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni, kama kwenye 1KZ na magari mengi ya kazi, injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe kwa mkono: inapaswa kuwa nzito, isimame mara unapoiachia. Ikizunguka yenyewe mizunguko mitatu minne, klachi imekwisha. Michirizi ya mafuta yaliyokusanya vumbi usoni mwake ni dalili ileile.

Pampu ya maji ina kitundu kidogo chini ya beringi. Tazama hapo kwa tochi: ukoko wa waridi, wa kijani au mweupe una maana sili yake imeanza kupitisha. Panga zake za ndani ziangaliwe zikiwa nje. Zilizoliwa na kutu hazisukumi maji hata kama beringi ni nzima. Injini ambazo pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi, kama EJ20 na EJ25 za Subaru, hazina haja ya mjadala. Umeshafika hapo ndani, badilisha pampu, mkanda na roli zake kwa pamoja.

Thamostati sasa, maana hapa ndipo ushauri mbaya ni mwingi. Kuitoa na kuitupa kumekuwa tiba ya kila gari linalochemsha, na wengi wanaapa kwamba gari lao lilipona. Injini nyingi za Toyota zina thamostati ya valvu mbili: ya juu inafungua njia ya rejeta, na sahani ya chini wakati huohuo inafunga njia ya mkato ambayo hurudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka injini bila kupozwa, na kwenye mlima mrefu gari linachemsha kwa sababu ya ile tiba. Kwenye barabara tambarare asubuhi, kinyume chake hutokea: injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama ya injini baridi, oili haikauki unyevu, na silinda zinalika.

Kuipima ni kazi ya dakika kumi jikoni. Ifunge kwa uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto pembeni yake, washa jiko. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka kati ya 80°C na 84°C, na kufikia 95°C iwe imenyanyuka si chini ya mm 8 hadi 10. Iliyochelewa, iliyonyanyuka nusu, au isiyofunga ikipoa haifai. Wakati wa kuifunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza kielekezwe juu. Hapo ndipo hewa inapopenya unapojaza maji. Kikikaa chini, utapambana na hewa siku nzima bila kujua kwa nini.

Kifuniko cha rejeta ndicho spea ya bei ndogo kuliko zote katika kazi hii na ndicho kinachosahauliwa zaidi. Juu yake pameandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha inayoshika, kwa kipimo kinachokaribiana na baa. Maji ya wazi Dar es Salaam au Mombasa huchemka kwenye 100°C. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, huchemka kwenye 94°C au 95°C, na Mbeya hali ni hiyohiyo. Injini yenye afya hufanya kazi kati ya 85°C na 95°C, na ukuta wa hedi karibu na valvu za moshi una joto zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba kifuniko kikiwa kimekufa, injini isiyo na kosa lolote inaweza kuchemsha Nairobi. Kifuniko kizima cha 0.9 kinasogeza kiwango cha kuchemka hadi karibu 118°C pwani na 115°C Nairobi, hata kabla ya kuongeza kulanti. Kipime kwa pampu ya presha kama gereji inayo. Kama haina, nunua kipya chenye namba ileile. Usipandishe namba ukidhani unaongeza nguvu: rejeta ya plastiki iliyotengenezewa 0.9 haitavumilia 1.3, na hosi ya hita ndiyo itakayotangulia. Kifuniko pia kina valvu ndogo katikati, inayoruhusu maji kurudi kutoka tenki la akiba injini inapopoa. Ikigoma, asubuhi utakuta hosi ya juu imejikunja kwa ndani, na tenki la akiba limejaa huku rejeta ina upungufu.

Kuhusu maji yenyewe: ya kisima cha pwani yana chumvi, na chumvi inakula aluminiamu, ya visima vya bara mara nyingi yana chokaa, na chokaa inajenga ukoko kwenye kuta za hedi ambao unazuia joto kutoka. Tumia maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri, na usome chupa vizuri usije ukachukua tindikali ya betri, maana duka moja huuza vyote viwili. Kulanti nzito huchanganywa nusu kwa nusu. Katika joto letu mchanganyiko wa theluthi moja unatosha kuzuia kuganda, lakini dawa ya kuzuia kutu inakuwa hafifu, kwa hiyo nusu ni salama zaidi. Kupita asilimia 60 hakusaidii, kwa sababu glaikoli, kiini cha kulanti, hubeba joto kidogo kuliko maji. Ile ya waridi ya Toyota inauzwa ikiwa imeshachanganywa. Ukiiongeza maji unaiharibu. Inadumu km 160,000 mara ya kwanza na km 80,000 kila badiliko linalofuata, wakati ile nyekundu ya zamani hubadilishwa kila km 40,000 au miaka 2. Rangi peke yake haithibitishi kitu, kwani maji yaliyotiwa rangi ya kijani yanauzwa kwa jina la kulanti barabara nzima. Kifaa kidogo cha kupima kulanti kwa tone moja kitakuonyesha: mchanganyiko wa nusu unapaswa kusoma karibu -37°C. Kikisoma karibu na sifuri, umenunua maji. Aina mbili zisichanganywe. Na iliyomwagwa ikusanywe kwenye beseni na kufunikwa; ni tamu, ni sumu, na huua mbwa na mtoto akiinywa.

Kuna kosa la umeme ambalo linaharibu rejeta mpya ndani ya miezi michache. Injini ikirudishwa, waya wa ethi, yaani wa hasi, unaotoka kwenye injini kwenda bodi husahauliwa au hufungwa juu ya rangi na kutu. Umeme unatafuta njia nyingine, na mojawapo ni maji ya rejeta. Chukua maltimita, weka ncha hasi kwenye hasi ya betri, ncha chanya itumbukize kwenye kulanti bila kugusa chuma, injini ikiwa inawaka na taa na feni zimewashwa. Chini ya volti 0.1 ni sawa. Ikivuka 0.3, safisha na kaza ethi zote, kisha upime tena. Ikibaki juu, kulanti yenyewe imechakaa na imekuwa na asidi.

Kujaza ni kazi ya subira. Paki gari pua ikiwa juu, au nyanyua mbele kwa jeki na uweke stendi. Hita hadi mwisho wa moto; kwa Noah, Hiace na Prado zenye hita ya nyuma, nayo ifunguliwe, kwa sababu bomba lake refu linashika hewa nyingi. Mimina polepole, huku ukibonyeza hosi ya juu na ya chini kwa mkono. Na hesabu lita unazotia. 1NZ-FE ya Probox, Fielder au Ist inashika takriban lita 5. Kama mfumo ulikuwa mtupu na rejeta imejaa baada ya lita 3 na nusu, kuna lita moja na nusu ya hewa mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni kwenye hedi.

Washa injini kifuniko kikiwa wazi. Ipe kasi ya mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, kila mara kwa muda wa dakika moja, uachie, uongeze maji yanaposhuka. Viputo vitatoka, ni kawaida. Thamostati ikifunguka, maji yatashuka ghafla na hosi iliyokuwa baridi itapata moto. Jaza, funga kifuniko, subiri feni iwake na kuzima mara mbili, huku ukihakikisha hita inatoa hewa ya moto kweli. Hita inayotoa hewa baridi wakati injini ina moto ni ishara ya hewa iliyobanwa au maji yasiyotosha. Zima, acha ipoe kabisa, fungua, ongeza tena, na uweke tenki la akiba kati ya alama mbili.

Viputo visivyokwisha ni habari nyingine. Vikiendelea kwa mfuatano baada ya injini kupata moto na kuzunguka dakika 20, ni gesi ya silinda inayopita. Kuna dawa ya buluu ya kupimia, inawekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta na hewa ya rejeta inavutwa kupitia ndani yake. Injini ya petroli ikiwa inavuja gesi, dawa inageuka njano, ya dizeli inageuka kijani. Bila dawa hiyo, tumia mikono: asubuhi gari likiwa baridi, washa na ushike hosi ya juu. Ikiwa ngumu ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata moto, hiyo presha haikuletwa na joto. Ukifungua kifuniko asubuhi baada ya gari kulala usiku kucha na likakupigia "tsss", jibu ni lilelile. Rudi gereji hapo hapo, usisubiri safari.

Geji ya kwenye dashibodi isikupe usingizi. Nyingi zimetengenezwa zikae katikati kwa upana mkubwa wa joto, na mshale unapoanza kupanda tayari umechelewa. Vitz nyingi hazina geji kabisa, zina taa ya buluu na nyekundu tu. Kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya kompyuta ya gari kinasoma joto kwa namba, na kwa mtu aliyelipia hedi ni matumizi ya lazima. Barabarani utaona 85°C hadi 92°C. Kwenye foleni ikipanda hadi 97°C na kushuka feni ikiwaka, ni sawa. Ikifika 103°C na bado inapanda, tafuta pa kusimama. Kumbuka pia kwamba sensa inasoma maji yanayoigusa. Maji yakiisha, inabaki kwenye mvuke na inaweza kuonyesha joto dogo wakati hedi inapikika. Ndiyo maana kuangalia kiwango cha maji kila asubuhi hakubadilishwi na kifaa chochote.

Kwa km 1,000 za kwanza, gari liende karibu na nyumbani. Kila asubuhi, baridi, fungua kifuniko cha rejeta chenyewe, siyo tenki la akiba peke yake. Kushuka kwa mililita 200 au 300 katika siku mbili tatu za mwanzo ni hewa iliyokuwa imebaki. Kuendelea kushuka baada ya hapo kuna njia ya kutokea, na itafutwe: klipu zilizolegea baada ya mipira kukaa, zulia la abiria lenye unyevu kutokana na kiini cha hita, kutu nyeupe kwenye plagi ya bloku, harufu tamu kwenye moshi. Kaza klipu injini ikiwa baridi. Oili na filta vibadilishwe kati ya km 500 na 1,000, na mapema zaidi kama maji yaliwahi kuingia kwenye oili. Bolti za hedi za injini za sasa, zile zinazozungushwa kwa digrii maalumu baada ya kipimo cha kwanza cha kukaza, hazirudiwi kukazwa. Anayekuambia ulete gari baada ya wiki "tukaze hedi" aonyeshe kitabu cha injini hiyo kinachosema hivyo.

Dawa za kuziba uvujaji, za kiwandani na zile za kienyeji za yai na pilipili ya unga, zisikaribie mfumo uliosafishwa. Hazichagui tundu la kuziba. Zinaanza na mirija myembamba ya hita.

Safari ya kwanza ya mlima ifanyike baada ya mfumo kukaa wiki mbili bila kushuka maji. Kitonga ukitokea Morogoro kwenda Iringa, au kupanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, unakaa nyuma ya lori kwa mwendo mdogo, mzigo mkubwa, upepo hafifu. Shusha gia mapema, injini izunguke 2,500 hadi 3,000, kwa sababu pampu na feni ya mkanda hufuata mzunguko wa injini na hazijali mwendo wa tairi. Zima kiyoyozi kabla ya mlima, usingoje joto lipande. Likipanda hata hivyo, washa hita hadi mwisho na usimame. Kama maji bado yamo na feni inavuta, iache injini ikiwaka bila mzigo ili joto lishuke. Kama mvuke unatoka na maji yamekwisha, zima mara moja. Kifuniko kisiguswe kwa dakika 45 angalau, kisha kitambaa kizito na kukizungusha robo tu kwanza. Na maji ya baridi yasimiminwe kwenye injini kavu iliyo na moto, hata kama dereva wa nyuma anapiga honi: hedi ya aluminiamu iliyopona kwenye mlima inapasuka kwa lita ile moja.